Kwa Mama, Kabla Hujapanda Treni

Chaji simu yako leo usiku, Mama, si kesho asubuhi.
Huku noti zimekuwa kama picha za marehemu,
watu wanazitazama kwa heshima, hawazipokei.
Hata muuza viazi vya kuchoma ana kibao shingoni,
mraba wenye madoa meusi. Elekeza simu, itakohoa, umelipa.
Lakini shona yuan mia mbili ndani ya upindo wa koti.
Mitambo nayo hupatwa na mafua.

Shuka Kituo cha Magharibi.
Usikurupuke ukisikia sauti ikitaja Chongqing;
stesheni zenye jina hilo ni nyingi
kama watu wanaojiita ndugu siku ya harusi.

Ramani usiiamini.
Itakwambia kwangu ni mita hamsini tu,
na haisemi uongo: mita hamsini kwenda juu.
Utaingia jengo kutoka barabarani,
utateremka kwa lifti ghorofa kumi na moja,
mlango utafunguka, na tazama, barabara nyingine,
magari, mti, mtu anapanga machungwa.
Mimi mara ya kwanza nilipiga yowe.
Wewe uliza: "Hii ni ya ngapi, na kwa upande upi?"
Hapa hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu.

Treni ya mjini itapenya tumboni mwa nyumba ya watu.
Chini utaona vijana wamepanua vinywa
wakipigana picha, eti wanaimeza.
Si wendawazimu. Ni wageni kama wewe.

Wenyeji wanazungumza kana kwamba wanagombana.
Mama wa kwenye basi akikufokea "Sogea nyuma!"
maana yake kuna kiti.

Vaa vile viatu vya mpira vya shambani,
usione aibu. Novemba ukungu hulala juu ya ngazi,
na ngazi hazina adabu.
Pale chini utamkuta Tan Guobin na mwanzi wake begani,
mmoja wa wapagazi wachache waliosalia.
Patana naye kabla hajainua mzigo.
Atataka ishirini. Shikilia kumi na tano.
Mkifika juu, mwongeze zile tano;
goti lake la kushoto ni bovu na hapendi kuhurumiwa.

Kuhusu chakula: najua, sisi wa Bijie
tunajigamba hatuogopi pilipili.
Hii haiwashi, Mama. Inautia ulimi ganzi
mpaka unajiuma hujui.
Agiza chungu chenye supu mbili, nyekundu na nyeupe,
na usinywe maji. Kunywa maziwa ya soya.
Nilete achari ya kabeji, kama begi lina nafasi.
Huku wanauza, ila chumvi yao haina mkono wa mtu.

Sitaweza kuja kukupokea. Zamu ya kufua shuka
pale hotelini inaisha saa mbili usiku,
na msimamizi Qiao hana mama, nadhani.
Kwenye lifti bonyeza kumi na tisa, si tisa.
Mlango wangu ni wa kijani. Ule mwekundu una mbwa.

Ufunguo yuko nao dada Pu, jirani. Yeye atakufungulia.
Utaona viatu vidogo, vya manjano, karibu na zulia.
Usimuulize dada Pu.
Vua vyako, viweke kando ya vile.

Miaka minne nimekupigia simu kila Jumapili
nikikusimulia mji huu kichochoro kwa kichochoro,
nikiliruka jambo moja
kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika.
Anaitwa Yunxi. Mwezi wa tatu alitimiza miwili.
Baba yake usimtafute kwenye picha za ukutani.
Masikio ni yako.

Kaa naye mpaka nirudi.
Akilia, mmenyee chungwa.
Ukilia wewe, mwache akumenyee;
amejifunza juzi, na huchukua muda mrefu.